Posa Isiyo na Bwana Harusi

Bibi yangu alianza kunituma sokoni Darajani nikiwa na miaka saba, na kitu cha kwanza alichonifunza ni kutomtazama samaki ninayemtaka. Umtazame changu, umshikeshike kolekole, ulalamikie macho ya pono, ndipo kwa kupita tu, kama mtu aliyejikwaa, umuulize muuzaji habari za yule nguru mdogo wa pembeni. Kitu cha pili ni kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya muuzaji ili aone kwamba unahesabu, na mara ya pili ukishakata kona, kwa sababu na yeye ana bibi yake aliyemfunza. Nilikuwa hodari katika mambo haya mawili. Kwa hiyo nilipoingia skuli ya uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikaambiwa kwamba sasa nitafundishwa kukaa na watu bila ya kutaka kitu kwao, niliona nimepelekwa skuli ya kusahau.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na nilipohesabu tena tulikuwa bado kumi na wawili. Mwalimu wetu alikuwa sista wa makamo, muuguzi aliyekaa wodi za wagonjwa wa akili miaka mingi, hata mshipi wa sare yake ulikuwa umeinama upande mmoja kwa uzito wa funguo. Hakuwa mtu wa hotuba. Siku ya kwanza alikaa juu ya meza, akaning'iniza miguu, akasema:

"Mimi naletewa watu washafungwa kamba. Mtu akishafungwa kamba, kazi yangu ya kwanza si kumtibu. Ni kumfanya anisamehe ile kamba, na sikuifunga mimi. Nnataka nyinyi mfike kabla ya kamba."

Mpango wenyewe ulikuwa huo. Wanafunzi wawili wawili wapewe mtaa, wazijue nyumba zake, ili mtu akianza kubadilika, halali usiku, hali chakula, kaacha kucheka au anacheka na ukuta, ajulikane mapema na apate mtu wa kukaa naye. Si dawa. Si sindano. Kukaa naye tu, na akizidi, aje sista mwenyewe.

Namna ya kukaa ilikuwa imeandikwa. Daktari mmoja mgeni, mrefu, mpole, mweupe kama chaki, aliyekuja kwa mkataba kutoka Ulaya, alikuwa ameandika ukurasa mzima wa masharti, yakafasiriwa, yakapigwa chapa, kila mmoja akapewa karatasi yake. Nendeni wawili. Vaeni nguo za heshima, si sare. Nendeni siku ile ile, saa ile ile, wiki tatu mfululizo. Kaeni mnapoonyeshwa. Msitaje maradhi. Msiulize mambo ya ndani. Msishauri. Msiahidi. Mkiulizwa mmefuata nini, semeni mmekuja kuwajulia hali. Ziara ya tatu, karatasi ilisema, watu wa nyumba watakuwa wameshawaamini na wataanza kusema wenyewe.

Sista aliyasoma kwa sauti, akakunja karatasi. "Mna swali?"

Hatukuwa na swali. Watu kumi na wawili, wote tumezaliwa kisiwa hiki, wote tumekua tukiwaona wanawake wawili wawili waliovaa vizuri wakipiga hodi kwenye nyumba zenye mabinti, wakanywa kahawa, wakaulizia hali, wakaaga, wakarudi wiki ya pili. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Kikristo kutoka Ng'ambo, ambaye baba yake alikuja kutoka Bara kufanya kazi bandarini. Mrefu, mwenye moyo mzuri, na ana kasoro moja tu: akiingiwa na wasiwasi, hucheka. Kwenye mtihani alicheka. Alipoona maiti kwa mara ya kwanza alicheka, akatolewa nje, akalia huko nje. Tulipangiwa Mlandege, ng'ambo ya barabara ya Darajani, kwenye nyumba za juu ya maduka, nasi tukachagua Ijumaa baada ya alasiri.

Katika nyumba zetu kumi, tisa hazina hadithi. Hii ni ya ile ya kumi, ghorofa moja juu ya fundi wa majiko ya mafuta.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Sisi."

Jibu la kipumbavu, lakini karatasi haikutoa jengine.

Alishuka mama mmoja mnene, mjane, uso wake wa mtu aliyezoea kushinda mabishano. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akatuangalia kuanzia viatu.

"Mmetumwa?"

"Hatukutumwa, Bi. Tumekuja kukujulieni hali."

"Kunijulia hali mimi?"

"Na wote wa nyumbani."

"Wote," akasema pole pole, kama anayeonja chumvi. "Wote. Haya, karibuni. Pandeni, pandeni, ngazi ya tatu imelegea."

Juu, mlangoni mwa sebule, palikuwa na ndara za kike jozi tatu. Nilizihesabu kwa mazoea tu. Ndani nikaona wanawake wawili: huyo mama, na binti yake wa miaka kama kumi na minane aliyechungulia, akaamkia, akapotea jikoni. Tukanywa kahawa, tukala visheti viwili viwili. Mama akaniuliza kwetu wapi, nikasema Kiponda. Kiponda ya wapi? Kwa nani? Baba anafanya nini? Na mama wa wapi asili yake? Tulipokuwa tunashuka ngazi nilihesabu maswali: yeye kauliza tisa, sisi hatujauliza hata moja. Mwenzangu akasema tumefuata masharti sawasawa.

Ijumaa ya pili tulikuta pazia limefuliwa. Mkeka mpya. Udi unafuka kwenye chetezo. Binti aliingia na sinia mwenyewe, kavaa kanga ambayo bado ina gamu ya dukani, asumini kichwani, macho chini.

"Mkate wa kumimina huu," mama akasema, "hakuushika mtu ila yeye. Mimi nilikaa pale nikatazama tu. Kula, mwanangu. Kwenu mko wangapi?"

"Watano, Bi. Wanawake wanne na mwanamme mmoja."

"Mmoja tu! Basi huyo atakuwa kipenzi cha mama."

"Anadekezwa sana, Bi."

"Yuko kazini?"

"Anasoma."

"Mashaallah. Msomi." Akamgeukia mwenzangu. "Nawe unamjua?"

Mwenzangu akacheka. Mama akaona ni haya, akazidi kuridhika. Baadaye nilikuja kujua alikuwa ameshampangia mwenzangu kazi katika kichwa chake: shahidi wa nje ya ukoo, wa dini nyengine, asiye na upande. Aliona sisi ni watu makini sana.

Kaka yangu alikuwa na miaka tisa. Yuko darasa la tatu, hana meno mawili ya mbele, na wiki ile ile alikuwa amefungiwa ndani kwa kumvalisha paka wa jirani fulana ya baba.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa sista wakati ule. Nilijua. Kuanzia ule mkate nilijua tumechukuliwa kuwa nani. Mtu aliyekulia Darajani anamjua muuzaji anapoweka bidhaa mbele. Ningeweza kuweka kikombe chini nikasema, Bi, umekosea, sisi ni wanafunzi wa uuguzi. Sikusema, kwa sababu karatasi ilikataza kuuliza lakini haikukataza kujibu, na kwa sababu mkate ulikuwa mtamu, na kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kuona mtu akitongozwa kwa niaba ya mtoto wa darasa la tatu. Nilicheka njia nzima hadi Kiponda. Kicheko kile kilichukua wiki nzima, na wiki hiyo haikuwa yangu, ila nilikuwa sijajua ni ya nani.

Kitu kimoja tu kilinikera. Jozi ya tatu ya ndara ilikuwa palepale, imeelekea vilevile, ndara ya kushoto imeipanda ya kulia. Siku hizo Michenzani walikuwa wanajenga zile nyumba ndefu, na magari ya mchanga yalipita mchana kutwa. Vumbi lilituama juu ya kila kitu kisichotumika. Jozi mbili zilikuwa safi. Jozi ya tatu ungeweza kuandika jina lako juu yake. Mama aliniona natazama.

"Hizo za mgeni," akasema, akazisukuma kwa mguu nyuma ya mlango.

Ijumaa ya tatu ililetwa halua.

Sukari ilikuwa ya foleni wakati ule, na samli ya kutafuta kwa watu. Mtu akikuwekea halua mbele yako hakufanyii ukarimu, anakufanyia mpango. Mwenzangu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa bado ameiamini karatasi, alininong'oneza: "Wametuamini kabisa. Sasa wataanza kusema." Na kweli mama akaanza kusema.

"Mimi sina maneno mengi, mwanangu. Wewe umekuja mara tatu, umeona. Nyumba ndiyo hii. Binti ndiye huyu. Nafasi ipo, na itazidi kuwepo, maana yule mgeni wetu anaondoka Jumatatu. Nnampeleka Matemwe kwa wifi yangu. Akae huko. Hewa ya kule nzuri."

Binti alikuwa anamimina kahawa. Vikombe vikagongana, kahawa ikamwagika kwenye sinia. Na nyuma ya pazia la chumba cha ndani mtu akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kusikika. Mama akapandisha sauti akaanza kuniuliza kama kaka yangu anapenda pilau au biriani.

Nikasema anapenda ubuyu. Nikaaga.

Binti alitufuata ngazini, eti kutushikia mlango. Kwenye ile ngazi iliyolegea alinishika mkono.

"Msije tena," akasema. "Nakuombeni. Mnamfukuza dada yangu."

"Dada yako yupi?"

"Yule wa ndani. Alikuja kuzaa hapa kwa mama, mtoto wa mwanzo. Mtoto akafa siku ya sita. Dada akamaliza arobaini yake, akaogeshwa, akafukizwa udi, akaambiwa atoke, hakutoka. Sasa mwezi wa nne. Halali. Uji mafunda mawili, basi. Mumewe alikuwa akija kutoka Pemba, sasa haji. Mama alikuwa anamvumilia, lakini tangu nyinyi mmeanza kuja anasema nyumba yenye mtu vile haiposwi. Anamwondosha kwa sababu yenu. Na huko Matemwe, kwa shangazi, chumba cha uani kina komeo kwa nje. Alishawahi kuwekwa binamu yetu mle."

Niliwahi kupoteza mapatano mengi maishani kabla ya siku ile na nimepoteza mengi baadaye. Sijawahi kusimama ngazini nikaona bei yenyewe ni mtu.

"Na jengine," akasema binti, akakaza uso. "Mimi simtaki huyo kaka yako."

"Ana miaka tisa."

Akanitazama. Halafu akajifunika uso kwa kanga mpya, na mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri hata yeye hakujua. Mwenzangu alikuwa ameshakaa chini, anacheka machozi yanamtoka, anasema, "Samahani, samahani, mimi nkiogopa ndio hivi."

Jumamosi sista hakuwa zamu. Nilimpata Jumapili jioni akiingia kazini, nikamweleza yote, isipokuwa sehemu ya mimi kujua. Nilipofika kwenye halua alianza kucheka, funguo zikalia kama kengele za punda.

"Wa nne nyinyi!" akasema. "Wa Malindi wamechukuliwa ni wa posa, wa Vikokotoni wa posa, na wale wavulana wawili niliowapeleka Kikwajuni wamedhaniwa wametumwa na wakubwa kuhesabu magunia ya mchele. Nyumba nzima ilitoroka kwa mlango wa uani. Miaka yote hii naishi na watu wanaoletwa kwangu kwa nguvu, nimesahau watu hutembeleana vipi."

Halafu nikamwambia habari za Matemwe. Aliacha kucheka hapo hapo.

"Amesema anataka kufa?"

"Mdogo wake anasema hasemi kitu."

"Kesho asubuhi, kabla gari halijaondoka, utakwenda. Nikienda mimi na sare hii mtaa mzima utajaa ngazini na mama atamtoa kwa mlango wa nyuma. Utakwenda wewe, umwambie mama kweli. Yote, na ile unayonificha pia."

Akazituliza funguo kwa kiganja, akaendelea.

"Ukiruhusiwa kuingia ndani, kaa chini. Usimwambie ashukuru. Usimwambie atapata mwengine. Washamwambia hayo, kila aliyepanda ngazi ile kamwambia hayo. Muulize jambo moja tu, lile ambalo hakuna aliyemuuliza."

"Jambo gani?"

"Ningelijua ningekwambia. Mchana ntakuja mwenyewe, nimevaa buibui kama watu."

"Na karatasi?"

"Fungia njugu."

Jumatatu tulifika jua linachomoza. Gari la Matemwe, lile la bodi la mbao, lilikuwa limeshasimama chini ya nyumba, injini inanguruma, na utingo yuko juu ya paa anafunga godoro lililokunjwa. Tulipanda ngazi mbili mbili. Mama alikuwa sebuleni amevaa buibui, kapu mkononi, tayari.

"Alaa! Posa huletwa alfajiri siku hizi?"

"Bi, hakuna posa."

"Mmemkataa mwanangu?" Sauti ikapanda. "Mmekuja mara tatu, mmekula, mmemtazama, mnamkataa?"

"Hatukumkataa, Bi. Hatukumposa. Kaka yangu ana miaka tisa."

Alisimama kidogo akihesabu. "Ishirini na tisa."

"Tisa. Ya darasa la tatu."

Mwenzangu alikwenda akageukia ukuta.

"Halua yangu," mama akasema, pole pole kabisa. "Sukari ile nimeisimamia foleni tangu sala ya alfajiri. Nimemkanyaga mtu mguu kwa sukari ile."

"Ilikuwa nzuri, Bi."

"Usinijibu, wewe mtoto!"

Nikamwambia. Sisi wanafunzi wa uuguzi, tunafundishwa kukaa na watu walioanza kuzidiwa na huzuni, tumeambiwa tusiseme. Na kwamba mimi kuanzia Ijumaa ya pili nilijua yeye anatuona wa posa, nikanyamaza kwa utundu, na kwa utundu huo yeye amefunga safari hii. Nilidhani atanipiga kwa kapu. Akauliza kitu chengine.

"Nani kakwambieni kuna mgonjwa ndani?"

Sikutaka kumtaja binti. "Ndara, Bi," nikasema. "Zina vumbi."

Akageuza kichwa akatazama nyuma ya mlango, na akaendelea kutazama. Nadhani alikuwa akizipita kila siku, akazisukuma kwa mguu, bila ya kuziona. Ndipo ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia, nzito, yenye kutu, kama mlango wa duka lililofungwa muda mrefu.

"Mimi nilijua tangu Ijumaa ya kwanza."

Binti aliyekuwa jikoni alitoka mbio, mikono ina unga. Mama akashika mdomo.

"Wa posa gani," sauti ikaendelea, kwa uchovu, "wanakuja, hawaulizi hata umri wa mtu? Wanakula, wanaaga. Nikasema hawa ama wezi ama wauguzi."

Mama alinyanyua pazia mwenyewe. Hakunikaribisha, lakini hakulishusha.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba tu, godoro lake ndilo lililokuwa juu ya gari, na yeye ameketi ukingoni amevaa tayari, miguu pamoja, kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mitatu minne, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha. Nikakaa chini, sakafuni. Huko nje honi ikapigwa.

Kwenye bei, ukimya ni mali ya yule anayeweza kuondoka. Unanyamaza, unageuka, unapiga hatua mbili, muuzaji anakuita. Ndio silaha yangu niliyoijua. Pale haikufaa kitu, kwa sababu mimi nisingeweza kuondoka na yeye hakuwa na haja ya kuniita.

"Waache wanipeleke," akasema. "Hapa au Matemwe, kwangu mamoja."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Niliyatazama yote na yote yalikuwa yale sista aliyokataza. Lilibaki moja.

"Mtoto ulikuwa unamwitaje?"

"Hakuwa na jina." Alisema haraka, kama aliyezoea kulisema. "Jina siku ya saba. Alikufa siku ya sita."

"Najua. Nnauliza wewe ulikuwa unamwitaje. Mkiwa wawili."

Honi ikapigwa tena, ndefu. Aliangalia mikono yake. Alikaa vile mpaka nikaamini nimeharibu, na nikaanza kutafuta namna ya kuomba radhi, kisha akalisema. Jina la kike. Sitaliandika hapa, sikupewa nilitawanye. Akalisema, akasema mtoto alikuwa akilisikia anageuza kichwa, siku ya nne na ya tano, na watu wote wanasema mtoto wa siku tano hageuzi kichwa, lakini huyu aligeuza.

"Hilo jina la mama yangu," akasema mama mlangoni.

"Ndio."

"Hukunambia."

"Hukuniuliza, mama. Ulinambia nishukuru."

Mama akashuka akaketi juu ya kizingiti, na buibui lake na kapu lake, mtu mnene yule, akaziba mlango mzima. Hakulia kwa sauti. Binti akaja akachuchumaa nyuma yake, na mwenzangu, ambaye safari hii hakucheka, alikuwa ameegemea ukuta na kufumba macho.

Sitaki kudanganya watu kwamba mambo yaliisha asubuhi ile. Sista alikuja mchana na buibui kama alivyoahidi, akakaa saa tatu, akaja kesho yake, akaja na dawa kidogo baadaye. Zilipita wiki ambazo nilipanda ngazi zile nikakuta kageukia ukuta, nikakaa, nikashuka, hatukusema neno. Mume alirudi, akaondoka, akarudi. Mimi nilikwenda kila Ijumaa mpaka nilipomaliza masomo, na mama kila Ijumaa alinipa kahawa chungu, bila ya kisheti hata kimoja, na kila Ijumaa aliniuliza kaka yangu amefikia darasa la ngapi, kwa sauti ya mtu anayekusudia kudai. Na karatasi ya daktari iliandikwa upya. Sharti la kwanza jipya lilikuwa: semeni mmefuata nini, mkiwa bado mlangoni.

Lakini asubuhi ile ilibidi kwanza kitu kimoja kiamuliwe, na mwenye kukiamua alikuwa kwenye kizingiti. Chini utingo alikuwa anapiga bodi la gari kwa kiganja.

"Bi mkubwa! Matemwe! Watu wamejaa, tunaondoka!"

Mama akanyanyuka kwa kushika fremu ya mlango. Akapita kati yetu, akaenda dirishani, akasukuma mbao zote mbili, mwanga ukaingia chumbani kwa nguvu hata yule wa kitandani akafunika macho.

"Shusha godoro!"

"Nini?"

"Godoro! Lishushe!"

"Bi mkubwa, nimelifunga mafundo saba!"

"Basi na kufungua utafungua saba! Au nshuke mimi nikuonyeshe?"

Abiria wakaingilia kati. Mmoja akasema mwache bibi wa watu na godoro lake, mwengine akasema tumechelewa, wa tatu akataka kujua nani aliyekuwa asafiri na kwa nini hasafiri. Mama akamjibu kila mmoja kwa zamu yake. Utingo, huku analaani na kufungua, alimaliza fundo la mwisho akalisukuma godoro kutoka juu ya paa bila ya kungoja mtu wa kulipokea. Likaanguka barabarani kwa kishindo, na vumbi lote la Michenzani likanyanyuka mpaka usawa wa dirisha.

Ndani ya chumba, yule wa kitandani alikohoa. Akaondosha mkono machoni.

"Mama," akasema, "wasilipandishe hivyo hivyo. Walikung'ute kwanza."